Watoto walipiga makofi, lakini hawakujifunza kitu

Nimeahirisha kuandika makala haya kwa muda mrefu kwa sababu lazima yaanze kwa kukiri kosa langu mwenyewe. Haya, leo nakiri.

Mwaka 2017 niliandika programu ya kuwafundisha watoto wa darasa la pili kusoma Kiswahili. Niliiandika usiku, baada ya kazi ya mchana (ile inayolipa kodi ya nyumba), kwa miezi minane hivi. Ilikuwa na sungura anayecheza ngoma, na fisi aliyetumbukia mtoni kila mtoto alipopatia jibu, na sauti ya binti wa jirani yangu ikitamka kila neno. Niliiweka kwenye tableti kumi za kuazima, nikapanda matatu hadi Embu mjini, kisha nyingine hadi Kiritiri, na mwisho bodaboda hadi shule moja ya msingi huko ndani Mbeere.

Watoto walipiga makofi. Walimu walipiga makofi. Mwalimu mkuu alitoa hotuba. Niliziacha tableti pale kwa wiki mbili, nikarudi Nairobi kichwa kimevimba, nikimwambia kila aliyenisikiliza kwamba nimepata dawa ya tatizo la kusoma nchini Kenya.

Wiki mbili zilipokwisha nilirudi. Mwalimu wa darasa lile, mama aliyebakisha miaka michache kustaafu, aliniomba niketi nyuma. Tableti aliziacha kabatini. Akawaambia watoto wafungue madaftari, akawasomea maneno kumi kutoka kwenye programu yangu, polepole, moja baada ya jingine: kikombe, kulala, barua, ndizi... Waandike.

Wengi hawakuweza. Kisha akawasomea maneno mengine kumi, aliyowafundisha yeye mwenyewe wiki zile zile kwa chaki na ubao. Hayo wengi wao waliyaandika, na makosa ya hapa na pale.

Hakunicheka. Alingoja watoto watoke kwenda mapumziko, kisha akaniambia: "Kijana wangu, hayo maneno yako wameyaona sana. Hakuna siku wameulizwa wayatafute wenyewe kichwani."

Makala haya ni maelezo marefu ya sentensi hiyo moja.

Kabati la chuma

Kosa langu lilikuwa dogo, la mtu mmoja na tableti kumi. Lakini nchi nzima ilikuwa kwenye njia hiyo hiyo. Mtakumbuka kwamba mwaka 2013 Jubilee iliingia madarakani na ahadi ya kipakatalishi kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. Miaka ya mwanzo ilimezwa na mabishano ya zabuni. Mwaka 2016 vifaa vikaanza kufika, sasa vikiwa vishikwambi badala ya vipakatalishi, vikiunganishwa na Chuo Kikuu cha Moi na kile cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia pamoja na washirika wao wa nje. Kila shule ilipata vishikwambi vya wanafunzi, viwili vya walimu, projekta, na sava ndogo ya kuhifadhia masomo. Kwa jumla vilisambazwa vifaa zaidi ya milioni 1 katika shule zaidi ya 20,000.

Si jambo dogo. Ilibidi mradi huu uje ndipo shule nyingi za msingi zipate umeme, nyingine wa nguzo, nyingine wa jua. Na hapa Mbeere jambo hilo lina uchungu wake, maana Mto Tana unaopita huku ndio wenye mabwawa ya Kindaruma (1968), Kamburu (1974), Gitaru (1978), Masinga (1981) na Kiambere (1988). Miaka mingi umeme ulipita juu ya vichwa vya watu kwenda kuwasha taa za Nairobi.

Lakini ukipita katika shule za Embu na Meru, kama nilivyopita mimi, ukauliza vifaa viko wapi, mara nyingi utaonyeshwa kabati la chuma lenye kufuli mbili. Ukiuliza sababu, utaambiwa betri zimekufa, wezi walivunja shule ya jirani, mwalimu aliyepata mafunzo amehamishwa, mtaala umebadilika (ule wa umahiri ulipoanza rasmi 2019, masomo yaliyokuwa ndani ya vifaa yalibaki nyuma). Yote ni kweli.

Kuna swali moja ambalo sikusikia likiulizwa, si na wakubwa wa Nairobi wala na sisi watengenezaji wa programu: kifaa kikiwaka, mtoto anafanya nini? Nilifungua masomo mengi ya kidijitali wakati ule, ya kwangu yakiwemo. Mengi yalikuwa kitabu kilichotiwa rangi na muziki. Mtoto anatazama, anagusa mshale, anatazama tena.

Peru walitutangulia katika hili. Waliwapa watoto vipakatalishi vya bei nafuu vya mradi wa One Laptop per Child, na mwaka 2012 watafiti walitoa matokeo kutoka shule 319 za vijijini: watoto walikuwa na kompyuta nyingi kuliko wenzao, lakini katika hesabu na lugha hawakuwazidi. Kifaa kilifika, somo halikufika.

Kichwa cha mtoto si diski

Nadhani najua tulikopotelea. Sisi tunaoandika programu tumezoea kunakili faili. Ukishanakili, imefika. Ukitaka kuhakikisha, unalinganisha ukubwa wa faili hapa na pale, unaenda kunywa chai. Basi tunamfikiria mtoto hivyo hivyo: neno likishaonyeshwa vizuri, kwa picha na sauti, limeingia.

Haliingii hivyo. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alilijua hili mwaka 1885, baada ya kujifanyia majaribio yeye mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana na kupima jinsi anavyozisahau. Aligundua kwamba kusahau kunaenda mbio mwanzoni, kisha kunapunguza mwendo, na kwamba kurudia kwa vipindi vilivyoachana kunashinda kurudia kwa mkupuo mmoja.

Jaribio ninalolipenda zaidi ni la Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, la mwaka 2006. Waliwapa wanafunzi wa chuo kifungu cha kusoma. Kundi moja lilisoma mara ya pili. Kundi jingine lilifunika kifungu na kuandika kila lilichokumbuka, bila hata kuonyeshwa majibu. Baada ya dakika 5, waliosoma mara mbili walikuwa mbele. Baada ya wiki moja, mambo yaligeuka: waliosoma mara mbili walikumbuka asilimia 42 hivi, na waliojitahidi kukumbuka walikuwa na asilimia 56.

Soma tena mstari wa dakika 5. Huo ndio mtego! Programu yangu, kama nyingi zinazouzwa leo, ilimpima mtoto dakika hiyo hiyo aliyoonyeshwa neno, na dakika hiyo kila mtu ni hodari. Fisi anatumbukia mtoni, makofi, nambari zinapanda kwenye ripoti yangu. Sikuwa nimeandika hata mstari mmoja wa msimbo wa kuuliza neno la wiki iliyopita.

Na usitegemee mwanafunzi akwambie kama anajifunza. Mwaka 2019 walimu wa fizikia wa Harvard walilinganisha mhadhara mtamu na darasa ambalo wanafunzi wanahangaika na maswali wenyewe. Waliohangaika walijifunza zaidi, lakini walijiona wamejifunza kidogo. Kuhangaika hakuna raha, na mtu hudhani kwamba kisicho na raha hakifanyi kazi. Kwa hiyo nikisikia mtu anasifu programu yake kwa kusema "watoto wanaipenda sana", nakumbuka makofi ya Mbeere.

Yule mwalimu alifanyaje? Kila asubuhi, kabla ya maneno mapya, aliuliza maneno ya jana, kisha machache ya wiki iliyopita, kisha mawili matatu ya mwezi uliopita. Bila kuyaandika ubaoni. Watoto waliandika kwanza, ndipo yeye akaandika, nao wakajisahihisha. Dakika kumi na tano. Nilipomwuliza nani alimfundisha hivyo, alinitazama kama nimeuliza nani alimfundisha kuchemsha maji. "Watoto husahau. Sasa wewe ungefanyaje?"

Jambo la kuniuma ni kwamba kompyuta inaiweza kazi hiyo vizuri sana. Mjerumani mwingine, Sebastian Leitner, alieleza mwaka 1972 njia ya kutumia kadi na visanduku: kadi uliyoipatia inahamia kisanduku cha mbele, inaulizwa baada ya siku nyingi, uliyoikosa inarudi kisanduku cha kwanza, inaulizwa kesho. Nilipokuja kuiandika ilinichukua mchana mmoja na mistari isiyofika 50. Yule sungura wa ngoma alinichukua miezi miwili.

Alama nyekundu isiyosema kitu

Kosa la pili nililigundua siku hiyo hiyo, nikipekua madaftari.

Neno "kulala" watoto kadhaa walikuwa wameliandika "kurara". Wengine "kurala". Mwalimu alitabasamu. Watoto hawa nyumbani wanazungumza Kimbeere, na katika Kimbeere, kama ilivyo kwa Kiembu, hakuna l na r zinazoshindana. Kuna sauti moja. Mtoto anayeandika "kurara" hajakosea ovyo. Ameandika sawasawa kile anachokisikia. Tatizo lake ni moja, lina jina, na mwalimu analijua: analishughulikia kwa kuwaambia watoto watazame ulimi, kisha anawapa jozi za maneno, kulala na kurara, kula na kura.

Irabu nazo zina yake. Kimeru, Kiembu na Kimbeere zina irabu saba. Ndiyo maana maandishi yake yana ĩ na ũ. Kiswahili kina tano. Mtoto anayejifunza kusoma Kiswahili huku anazipanga upya irabu alizozaliwa nazo.

Programu yangu ilijua nini kuhusu haya? Hakuna. Mtoto akiandika "kurara" iliweka alama nyekundu ya mkasi na sauti ya binti wa jirani ikasema "Jaribu tena!" Mtoto akajaribu tena. "Kurara." Jaribu tena!

Nataka wenzangu tunaoandika msimbo mfikirie jambo hili. Sisi tulijifunzaje kazi yetu? Mimi nilijifunza kwa kukosea mbele ya kompaila, maelfu ya mara. Na kompaila hunitukana, lakini huniambia: mstari wa 48, ulitarajiwa mkato, umeweka nukta. Kosa lina anwani. Hebu wazia kompaila inayosema tu "Jaribu tena!" Ungeacha kazi hii siku ya kwanza, ukaenda kuuza viazi. Lakini hicho ndicho tunachowapa watoto wa miaka saba, halafu tunakiita elimu ya kidijitali.

La aibu zaidi: nilikuwa nimehifadhi majibu yao kama sifuri na moja. Amepata, amekosa. Alichokiandika hasa nilikitupa. Majibu ya wiki mbili, yenye habari zote kuhusu l na r, niliyageuza kuwa sifuri. Mwalimu alikuwa nayo yote kwenye madaftari ya bei rahisi.

Ngazi isiyo na vidato vya chini

Kuna jambo la tatu, na ushahidi wake mzuri umetoka hapa hapa Kenya, upande wa Busia. Miaka ya 1990 shule zilipewa vitabu vya kiada bure, na watafiti (Paul Glewwe, Michael Kremer na Sylvie Moulin) wakafuatilia. Matokeo yao, yaliyochapishwa 2009, yanafaa kubandikwa juu ya kila kabati la chuma: vitabu viliwasaidia wale waliokuwa tayari wanafanya vizuri, na wengine hawakusogea. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza na vimeandikwa kwa mwanafunzi wa juu. Wengi hawakuweza hata kuvisoma.

Baadaye magharibi mwa Kenya likafanyika jaribio jingine, la Esther Duflo, Pascaline Dupas na Kremer, katika shule 121 zilizoongezewa mwalimu. Katika nusu ya shule, darasa la kwanza liligawanywa kwa kiwango cha watoto. Walionufaika ni wa juu na wa chini pia, kwa sababu mwalimu alipata nafasi ya kufundisha darasa lililopo mbele yake badala ya lile lililopo kwenye mtaala.

Hapo napo kompyuta ina nguvu ambayo mwalimu mwenye watoto 60 hana: inaweza kumpa kila mtoto swali lililo juu kidogo tu ya alipo. Sisi badala yake tumekazana na ile hadithi ya semina kwamba kuna watoto wa "kuona", wa "kusikia" na wa "kugusa", na programu inayopima mtoto yuko kundi gani. Harold Pashler na wenzake walizipitia tafiti za imani hiyo mwaka 2008 wakakuta ushahidi wa kuiunga mkono hautoshi. Jambo la maana kulijua kuhusu mtoto ni lile analoliweza leo. Kama hajui silabi "mba", hilo ndilo somo lake, awe anaona au anasikia.

Lakini vipi Tanga?

Najua kuna atakayenipinga kwa kutaja Tanga, na ana haki. Kati ya mwisho wa 2017 na mwanzo wa 2019 yalifanyika huko mashindano ya Global Learning XPRIZE: karibu watoto 3,000 katika vijiji 170 hivi walipewa vishikwambi vyenye programu za Kiswahili, na vituo vya kuchajia kwa jua. Wengi hawakuwahi kwenda shule. Kabla ya kuanza, zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma neno hata moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15, idadi hiyo ilipungua kwa nusu. Zawadi ya dola milioni 10 waligawana onebillion na Kitkit School.

Nalivulia kofia jambo hilo. Kwa mtoto asiye na mwalimu, nusu ni muujiza. Lakini tazama mambo mawili. Kwanza, programu zilizoshinda hazikuwa vitabu vya rangi. Zilimtaka mtoto ajibu, aandike, arudie. Pili, nusu nyingine ya watoto, baada ya miezi 15, bado hawakuweza kusoma neno. Shule zetu za Embu na Meru zina walimu. Kuchukua matokeo ya kijiji kisicho na shule kama sababu ya kumruka mwalimu wa Runyenjes au Nkubu ni kuhesabu vibaya.

Mwaka 2016 ulichapishwa utafiti wa Benjamin Piper na wenzake kutoka Kisumu. Walilinganisha njia tatu za kusaidia usomaji wa madarasa ya mwanzo: vishikwambi kwa maafisa wanaowatembelea walimu darasani, vishikwambi kwa walimu, na visomaji vya kielektroniki kwa watoto. Zote tatu zilizishinda shule ambazo hazikupata msaada. Tofauti kati ya zenyewe kwa zenyewe haikuwa ya maana. Gharama ndizo zilizotofautiana, na unajua tayari kipi ni ghali: kifaa mkononi mwa kila mtoto. Mpango wa Tusome, ulioenea nchi nzima tangu 2015, ulichukua njia ya kwanza. Watoto walipewa vitabu vya karatasi, kila mmoja chake, na kishikwambi kikawa cha afisa anayeketi nyuma ya darasa kama mimi siku ile, kisha akazungumza na mwalimu.

Toleo la pili, na lilivyonigharimu

Basi niliivunja programu. Nilimfuta sungura. (Binti wa jirani alikasirika kwa sababu nilifuta sehemu ya sauti yake pia.) Toleo la pili lilikuwa hivi: tableti tatu kwa darasa, watoto katika makundi. Tableti inatamka neno. Kila mtoto anaandika kwenye daftari lake kwanza. Mmoja anaandika jibu la kundi kwenye kioo. Likiwa na kosa, herufi yenyewe inaonyeshwa, na neno linatamkwa tena kipande kwa kipande. Maneno yanarudi kwa visanduku vya Leitner. Alichoandika mtoto kinahifadhiwa kama kilivyo. Jioni mwalimu anafungua ukurasa mmoja tu kwenye simu yake: haya hapa maneno matano yaliyowashinda leo, na hivi ndivyo walivyoyaandika. Bila intaneti.

Nililipeleka kwa yule mwalimu wa Mbeere, kisha katika shule moja ya Igembe, juu ya Maua. Hapakuwa na makofi. Wiki ya kwanza watoto waliuliza fisi yuko wapi. Mwalimu wa Igembe, kijana, alilalamika kwamba darasa lina kelele za kubishana kuhusu herufi. Baada ya mwezi aliniambia ameacha kulalamika, kwa sababu wanaobishana ni wale waliokuwa wakilala. Hilo si utafiti. Ni mwalimu mmoja na darasa lake. Lakini safari hii niliketi nyuma, maneno kumi ya mwezi uliopita yakasomwa, na kalamu zikaandika.

Kisha nikalionyesha kwa shirika moja lililokuwa na fedha za kusambaza programu mashuleni. Walilitazama kwa adabu. Halafu wakauliza kama bado ninalo lile toleo la kwanza, lenye wanyama, maana wageni wakija darasani wanapenda kuona watoto wakifurahi. Sikuwapa, na fedha sikuzipata. Nilirudi kwenye kazi ya mchana, na toleo la pili likabaki katika shule mbili mpaka tableti zilipokufa.

Kwa nini nasumbuka hivi kuhusu fisi na sungura? Kwa sababu ya wavulana wa Igembe. Miraa inataka mikono myepesi ya kupanda na kuchuma, na inalipa papo hapo. Mbeere ni muguka, hadithi ni ile ile. Mtoto anayefika darasa la nne bila kusoma anakaa kwenye dawati kama mgeni kwenye mkutano wa lugha asiyoijua, na nje ya dirisha kuna shamba ambapo anajua la kufanya. Na ukitazama anavyojifunza kazi kule shambani, utaona hakuonyeshwa video. Alipewa tawi achume, mkubwa akamrudishia lile bunda akamwambia hiki kimekomaa mno, hiki kitoe, rudia. Amejaribu, ameambiwa kosa liko wapi, kesho atajaribu tena. Miraa inamfundisha vizuri kuliko programu yangu ya kwanza!

Maswali manne

Kama wewe ni mwalimu, mzazi kwenye bodi ya shule, au afisa wa kaunti, na kijana kama mimi amekuja na tableti zake, muulize haya kabla ya kupiga makofi:

1. Mtoto anatoa nini kichwani mwake, na mara ngapi kwa dakika? Ukihesabu ukaona anatazama tu, mshukuru na umwage.

2. Neno la leo litaulizwa tena lini? Kama hajui, basi programu haijui pia.

3. Mtoto akikosa, anaambiwa nini? Andika kosa la kweli la mtoto wa hapa, kama "kurara", uone.

4. Mwalimu anapata nini jioni? Kama ni nyota na asilimia, hiyo ni ripoti ya mfadhili.

Na jaribio la mwisho halihitaji kompyuta. Zima vifaa, ngoja wiki moja, toa madaftari. Yule mwalimu wa Mbeere alinifanyia jaribio hilo bure, na lilikuwa na thamani kuliko semina zote nilizokaa hotelini.

Amestaafu sasa. Mimi nimeanza toleo la tatu, usiku, baada ya kazi ya mchana. Safari hii niko kwenye irabu: namna ya kumsaidia mtoto wa Meru kutoka kwenye saba kwenda kwenye tano bila kumwambia kwamba saba zake ni makosa. Kama unafundisha darasa la mwanzo huko Tigania, Imenti au Embu, na unajua makosa ambayo watoto wako hukosea, niandikie hayo makosa yenyewe, kama yalivyo kwenye daftari. Ndiyo data ninayoihitaji.

Haya, narudi kwenye msimbo. Kompaila inaniambia mstari wa 212 una tatizo, na imeniambia ni tatizo gani.